Jembe la Siku ya Tatu

Mwezi Julai, katika viwanja vilivyoachwa wazi upande wa mashariki wa jiji la Buffalo, jimbo la New York, huota mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Palikuwa na nyumba pale. Zilibomolewa, misingi ikafukiwa, na kilichobaki ni nyasi za kukatwa kila baada ya majuma kadhaa. Buffalo ilikuwa na wakazi wapatao 580,000 mwaka 1950. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu takribani 278,000. Viwanda vya chuma vilifungwa, barabara kuu ya Kensington ikapasua mitaa ya Weusi katika miaka ya 1960, na viwanja vya namna hii vikawa vingi katika eneo liitwalo East Side. Mahali walipoondoka watu, mimea hufika. Hufika Ailanthus altissima, uitwao mti wa mbinguni, wenye asili ya Uchina, ambao uliingizwa Philadelphia mwaka 1784 kuwa pambo la bustani. Hufika pia mmea mfupi wenye wekundu kwenye mzizi na majani mapana ya kijani, ambao mtunza bustani wa Kimarekani huung'oa bila kuutazama mara mbili. Mtu aliyekulia Uvira, Kigoma au Kisumu akiuona, naye huinama, lakini huinama kuuchuma. Ni mchicha.

Watu hao wawili wakisimama kwenye ua mmoja, mmoja akiwa na jembe na mwingine na sufuria, huwa wamesimama mbele ya swali ambalo ni kubwa kuliko ua wenyewe. Ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mmea fulani ni gugu? Na akishasema, neno lake linamruhusu kufanya nini? Swali hili ni la kilimo, ila haliishii kwenye kilimo, kwa sababu lugha za wanadamu, Kiswahili kikiwamo, zimezoea kuwatazama watu kwa jicho la mpaliliaji. Anayetaka kushughulika na magugu katika bustani yake kwa haki hana budi kujua neno hilo limepita wapi kabla ya kufika mkononi mwake.

Magugu, au kwekwe kama wasemavyo wengi nchini Kenya, si ukoo wa mimea. Mtaalamu wa mimea hawezi kuchunguza jani chini ya darubini akagundua ugugu ndani yake. Mhindi ulioota wenyewe katikati ya maharage hupaliliwa kama gugu, ingawa mwaka uliotangulia, kwenye tuta lile lile, uzao wake ulikuwa ugali. Neno hili hutaja uhusiano wa vitu vitatu: mmea, mahali, na mtu mwenye shabaha na mahali hapo. Mwondoe mtu, na gugu hutoweka papo hapo. Unabaki mmea tu.

Istilahi mpya zaidi, mimea vamizi, ina tabia nyingine. Inatokana na kitenzi kuvamia, ambacho ni tendo la jambazi na la jeshi. Hapa shabaha ya mkulima haionekani tena. Ni mmea wenyewe unaotuhumiwa kuwa na nia. Kiswahili hakikubuni tuhuma hiyo peke yake. Mwaka 1958 mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton alichapisha kitabu kuhusu ikolojia ya uvamizi wa wanyama na mimea, na taaluma iliyokua baada yake ilirithi msamiati wa vita: uvamizi, ukoloni wa spishi, mapambano. Msamiati huo umesaidia kuamsha serikali zilizolala. Umesaidia pia kuficha jambo moja, kwamba mmea haujui mpaka wa nchi wala haujui kuwa umeuvuka.

Mchicha unafaa kuwa shahidi wa kwanza, kwa kuwa ushahidi wake unawatatiza wote wawili pale uani. Una majina mengi: lengalenga huko Kivu na Burundi, dodo Uganda, terere katika Kenya ya kati. Kwa aliye ugenini, ni mboga ya nyumbani kabisa, mboga ya bibi, mboga isiyohitaji kuelezwa. Hata hivyo, kadhaa kati ya spishi za Amaranthus zinazoliwa Afrika Mashariki zina asili ya bara la Amerika. Amaranthus cruentus ilipandwa na kuboreshwa na wakulima wa Meksiko na Amerika ya Kati maelfu ya miaka kabla ya merikebu ya Mreno kuonekana Malindi. Kama mahindi, ambayo Waswahili waliyapa jina la Wahindi ingawa yametoka Amerika, na kama mhogo, mmea huo ulivuka bahari, ukakubaliwa, ukapewa majina ya kienyeji, hadi ikasahaulika kwamba uliwahi kuwa mgeni. Nao Amaranthus retroflexus, unaoota kwenye nyufa za saruji za Buffalo, ni mzaliwa wa Amerika Kaskazini. Basi hali ilivyo uani ni hii: mmea ni mwenyeji na mlaji ni mgeni, lakini mwenyeji wa leo anauita mmea huo gugu na mgeni anauita nyumbani.

Ni rahisi kufurahia kinaya hicho na kufunga mjadala hapo, kwa kusema kwamba mimea yote ni wahamiaji, hivyo iachwe iote itakavyo. Jibu hilo lina ukarimu, lakini halina ukweli wa kutosha. Ndugu mmoja wa mchicha, Amaranthus palmeri, mzaliwa wa kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, umo katika orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku katika jimbo la Ohio. Mche mmoja huweza kutoa mbegu laki kadhaa, na vizazi vyake vingi vimeshazoea dawa ya glaifoseti. Mkulima wa soya nje kidogo ya Columbus anayeuogopa hana chuki na mboga ya mtu yeyote; ana deni la benki na msimu mmoja wa kulilipa. Uenyeji wenyewe pia si cheti cha wema. Phytolacca americana, mzaliwa halisi wa mashariki ya Marekani, una sumu, ijapokuwa Weusi waliohamia Buffalo kutoka majimbo ya Kusini walikuja na ujuzi wa kuyachemsha majani yake machanga na kumwaga maji mara kadhaa kabla ya kuyala. Hakuna anayetakiwa kuuonea huruma mmea wenye sumu kwa sababu tu ulizaliwa hapo.

Na madhara ya baadhi ya mimea iliyotoka mbali yanaonekana kwa macho. Tarehe 3 Aprili 1974 kimbunga kilipiga Louisville, Kentucky, na kuangusha maelfu ya miti katika Cherokee Park, bustani ya umma iliyo mashariki ya jiji. Mwanga ulipofika chini, nafasi nyingi ilishikwa na Lonicera maackii, kichaka cha kaskazini-mashariki mwa Asia. Kichaka hicho hutoa majani mapema kuliko miti ya pale, na hubaki cha kijani vuli inapokwisha, wakati majirani zake wamekwisha kupukutisha. Kwa hiyo maua ya msituni, ambayo maisha yake yote hutegemea majuma machache ya jua kabla miti haijavaa majani, hukosa jua hilo. Kichaka hakina uovu. Lakini maua hayo hayarudi mpaka mtu ashike msumeno.

Waswahili wa Afrika Mashariki wanao mfano wenye maumivu zaidi. Mathenge, yaani Prosopis juliflora, ulipelekwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ulifanya yote mawili, kisha haukusimama. Ulifunga njia na malisho, miiba yake ikajeruhi watu na mifugo, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali jijini Nairobi, na ikamfikisha mbuzi asiye na meno mahakamani awe kielelezo.

Mbuzi huyo anastahili kukumbukwa na kila anayefikiri juu ya maadili ya mimea vamizi. Wailchamus walikuwa na kila sababu ya kuuchukia mmea, nao hawakuushtaki mmea. Waliwashtaki walioidhinisha upandwe. Walielewa jambo ambalo mijadala mingi hulipita: karibu kila mmea uitwao mvamizi uliletwa na mtu, kwa faida ya mtu, mara nyingi kwa baraka za ofisi. Kichaka cha Louisville kilisambazwa kwa miongo kadhaa na idara ya serikali ya Marekani iliyohusika na uhifadhi wa udongo. Pyrus calleryana, mpea wa mapambo wenye maua meupe, ulipandwa kwa fahari kwenye mitaa ya Columbus kama katika miji mingine mingi. Ohio ilipoutangaza kuwa mmea wa hatari mwaka 2018, iliwapa wauzaji miaka mitano kabla ya marufuku kuanza Januari 2023. Muuzaji alipewa muda wa kumaliza bidhaa yake ghalani. Mti ndio uliobaki na jina baya.

Kuna usahihi wa kimaadili katika kutenganisha hayo mawili. Anayekata kichaka huondoa madhara, na hilo linaweza kuwa wajibu. Anayekilaani kichaka humwachilia huru aliyekileta.

Laana hiyo haibaki kwenye vichaka. Kiswahili kina jeraha lake hapa. Mwaka 2007 polisi wa Kenya waliunda kikosi cha kupambana na kundi la Mungiki, nacho kikajulikana kwa jina la Kwekwe. Mwaka 2009 Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa aliyechunguza mauaji ya nje ya sheria, alikitaja miongoni mwa vikosi vilivyotuhumiwa kuua watu bila kuwafikisha mahakamani. Jina lilitangulia kutoa hukumu: kwekwe haisomewi mashtaka, hung'olewa. Na Aprili 2022, uchaguzi mkuu ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki yaliyopaswa kuepukwa. Ndani yake yalikuwamo madoadoa, mende, na kwekwe. Neno ambalo kila mtoto wa shamba hulijua kwa maana ya kazi ya asubuhi lilikuwa limechafuka kiasi cha kuhitaji kuonywa na tume.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Mei 2022, kijana mzungu aliendesha gari kwa zaidi ya saa tatu hadi supamaketi iliyoko Jefferson Avenue, East Side ya Buffalo, akaua watu kumi, wote Weusi. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 86. Aliacha maandishi yenye dhana kwamba watu wa asili yake wanavamiwa na nafasi yao kuchukuliwa. Waliouawa wengi walikuwa wamekwenda kununua chakula katika eneo lenye maduka machache ya kununulia chakula kibichi. Mababu wa Wamarekani Weusi walifikishwa bara hilo kwa minyororo kabla mababu wa Wazungu wengi hawajafika kwa nauli. Na kama hoja ni nani alitangulia, basi hoja hiyo si ya muuaji wala ya familia za waliouawa. Ni ya Waseneca, taifa mojawapo la Haudenosaunee, waliokuwa na eneo lao la Buffalo Creek mpaka walipolipoteza kwa mikataba ya mwaka 1838 na 1842. Louisville nako, bustani tatu kubwa zilizobuniwa na Frederick Law Olmsted kuanzia mwaka 1891 zinaitwa Cherokee, Iroquois na Shawnee. Watu wa kujitolea hung'oa mimea ya kigeni katika bustani zenye majina ya mataifa yaliyong'olewa. Hakuna haja ya kuwacheka. Kazi yao ni njema. Lakini neno wenyeji, likitamkwa hapo, linapaswa kutamkwa kwa unyenyekevu.

Je, basi asili haina maana yoyote? Mwaka 2011 jarida la Nature lilichapisha makala ya Mark Davis na wenzake kumi na wanane, wakitaka spishi zisihukumiwe kwa asili yake bali kwa yale zinayotenda katika mazingira. Daniel Simberloff na wanasayansi wengi wakajibu kwamba asili haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa madhara mengine huchelewa kuonekana, na kusubiri ushahidi kamili ni kusubiri mpaka uchelewe. Pande zote mbili zilikuwa na jambo la kweli, na mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja yakipewa mipaka: asili ni habari, si hukumu.

Ni habari, tena habari ya thamani. Gugumaji lilipofunika ghuba za Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990, mitumbwi ikakwama na wavuvi wa Kisumu wakakaa ufukweni, ufumbuzi mmojawapo ulitokana na kuuliza mmea huu unatoka wapi. Unatoka Amerika ya Kusini, na huko huliwa na wadudu jamii ya fukusi wa jenasi Neochetina, ambao Afrika Mashariki haikuwa nao. Wadudu hao waliletwa, wakaachiwa ziwani, na wakachangia kulipunguza gugumaji. Anayeiona asili kuwa hukumu asingefika hapo, kwa maana angewaona wadudu wale kuwa wageni wengine wa kufukuzwa. Anayeona kwamba asili si kitu asingefika pia, kwa maana asingeuliza.

Kwa mmea, basi, njia inaonekana: kujua ulikotoka, kutazama unachotenda hapa, kumkumbuka aliyeuleta, kisha kuamua. Kwa binadamu njia hiyo haitoshi, na hapa ndipo mfano wa bustani unapopaswa kukoma. Mmea hauwezi kuahidi. Hauwezi kuambiwa kwamba unamziba jirani jua, ukasogea. Unachotenda ndicho pekee unachoweza kutenda. Wanaomwita mtu kwekwe humvua kwanza uwezo huu wa kusikia na kujibu. Mauaji hufuata, yakionekana kama usafi. Hata wanaowatetea wahamiaji kwa kusema kwamba wao ni kama mimea mizuri iliyotoka mbali hukosea kwa wema. Mtu hahitaji kuwa na faida kama mboga ndipo astahili kuishi mahali.

Methali ya Waswahili isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, mara nyingi hueleweka kama onyo kwa mgeni asiwe mzigo. Inaweza kusomwa kwa upande wa pili. Anayempa mtu jembe humkabidhi zaidi ya kazi. Kupalilia ni kuchagua, miche mia moja kwa saa, upi ubaki na upi uondoke. Mwenye shamba asiyemwamini mgeni hampi jembe, kwa sababu mgeni huyo anaweza kung'oa mtama akidhani ni nyasi. Siku ya tatu ni siku ambayo mgeni anaruhusiwa kusema, katika ardhi ya mwingine, gugu ni lipi. Mmea haupewi jembe katika siku yoyote. Binadamu hupewa, na tofauti hiyo haipunguzwi na asili.

Huko ndiko swali la haki linakorudi, katika ua wa East Side. Louisville, kupitia mpango wa Common Earth Gardens, wakimbizi kutoka Burundi, Kongo na Somalia hupewa vipande vya ardhi kulima. Orchard Park, kusini mwa Buffalo, lipo shamba la pamoja la Providence Farm Collective, ambalo chimbuko lake ni hamu ya Wabantu wa Somalia kulima tena. Haki ya ardhi hiyo haikamiliki mpaka iambatane na haki ya kuhukumu kilichomo: kusema kwamba mchicha huu ni mboga, mnavu huu ni mboga, na kusikilizwa na aliyefundishwa kwamba vyote viwili ni takataka. Wala mwenye jembe jipya hasamehewi wajibu wake. Mchicha ukiachwa utoe maua, upepo na kwato hazitauliza bustani ya jirani ni ya nani, na mchuma janga hula na wa kwao. Aupendaye huuchuma ungali mchanga, huacha mche mmoja au miwili ya mbegu na kuifunga vichwa kabla haijapukutika. Hutazama shina vizuri, asije akafuga Amaranthus palmeri kwa jina la bibi yake. Huuliza pia habari za udongo, kwa kuwa mahali palipobomolewa nyumba kuukuu rangi za zamani huweza kuacha madini ya risasi. Hapo hupanda kwenye matuta ya mbao yenye udongo safi, na mchicha uliojiotea kwenye kifusi hauli, hata ukiwa mzuri namna gani. Mmea hauna kosa. Kosa liko chini yake, na liliwekwa na watu.

Na jirani aliyezoea kuung'oa? Anaweza kuonyeshwa. Majani huoshwa mara mbili, hukatwa, huwekwa kwenye kitunguu na nyanya, na tui likiwapo halidhuru. Kama baada ya kuonja bado anataka ua wake uwe wa nyasi tupu, ua ni wake, na atakayemletea mbegu kwa uzembe atakuwa amemkosea. Lakini kutoka siku hiyo ataujua mmea anaoung'oa kwa jina lake, na atakuwa amelijua kutoka kwa mtu aliyesimama naye uani, ameshika jembe kama yeye.